Chupa ya soda, dijei wa Magomeni na Landrover isiyo na breki

Kama umekulia Dar miaka ya themanini mwishoni kuelekea tisini utakuwa unaijua ishu ya chupa tupu. Huendi dukani na hela peke yake ukapewa soda ukaondoka nayo, thubutu, mwenye duka anaangalia kwanza umeshika nini mkononi, kama huna chupa basi ama unywe palepale umesimama huku anakukodolea macho, ama urudi kwenu na hela yako. Nyumba tuliyopanga Magomeni ilikuwa ya vyumba vingi, uani watu wamejaa, kila mama ana chupa zake na mama yangu za kwake alizipaka rangi ya kucha kwenye kitako zisichanganyike na za jirani. Mgeni akija mtoto anatumwa soda, anapewa chupa kwanza halafu ndo hela, na maneno ya kuagwa nayo ni "chupa hiyo ukiivunja usirudi hapa". Nimeona kina mama wawili wananuniana siku kibao kwa sababu ya chupa moja ya Fanta, kila mmoja anasema yake, alama imefutika, mpaka mwenye nyumba akaingilia kati.

Sasa mtoto wa uani humo mkalishe kwenye benchi la kibanda cha video, mwonyeshe rubani kwenye kidege chake anamalizia Coca-Cola, anafungua kidirisha, anaitupa chupa nje. Kibanda kizima kiliguna. Yani kabla hata ya kucheka watu walishangaa kwanza, huyu mzungu ana wazimu gani, katupa chupa, na imefika chini haijapasuka!

Filamu yenyewe ni The Gods Must Be Crazy ila sisi mtaani tuliiita ile ya chupa, basi. Ilitoka 1980, aliitengeneza Jamie Uys wa Afrika Kusini, na yule bwana mwenye tabasamu anayeitwa Xi aliigizwa na N!xau, Msan (hao ndo wanaitwa pia Mabushmeni) wa upande wa Namibia. Kisa chake chepesi tu. Chupa inaanguka Kalahari kwa watu ambao hawajawahi kuona kitu kama hicho, wanadhani miungu imewaletea zawadi, wanaitumia kusagia, kulainishia ngozi, kupulizia muziki, kuchorea duara, kila mtu anaitaka na iko moja, watoto wanaanza kugombana, mmoja anampiga mwenzie nayo kichwani. Xi anaona hiki kitu kibaya, anairusha juu iwarudie wenyewe, inarudi chini, anaifukia, inapatikana tena, mwisho anasema potelea mbali, ataenda nayo mpaka mwisho wa dunia akaitupe huko. Ndo safari inaanzia hapo, njiani anakutana na mtafiti wa kinyesi cha tembo ambaye akiona mwanamke anaanguka anguka, na mwalimu mzungu, na majambazi wenye bunduki.

Kwetu ule ugomvi wa chupa moja haukuwa stori ya watu wa mbali. Ilikuwa uani kwetu kabisa.

Niliirudia mwaka huu masika yalipokolea. Mzee wangu alikuwa amekuja kukaa kwetu Kimara kidogo, watoto hawana pa kwenda mvua inapiga toka asubuhi, nikasema ngoja niwaonyeshe kitu ambacho baba yenu alicheka mpaka akatolewa nje ya kibanda. Nikaitafuta YouTube nikaunganisha kompyuta na tivii, nikakaa na kikombe changu cha chai nasubiri watu wavunjike mbavu.

Mwanangu wa kiume alianza kuniharibia mapema. Chupa imeanguka, watu wanaishangaa, yeye ananiuliza sasa kwa nini asiiweke tu kwenye dastibini. Nikacheka lakini nikaelewa, mtoto wa sasa chupa kwake ni takataka, ya plastiki, imejaa kwenye mitaro, na wanaozitafuta ni wale waokota chupa wanaopita na maviroba asubuhi wakauze kwa kilo. Utamwambiaje kwamba bibi yake alikuwa anazipaka rangi ya kucha? Nilimwambia. Akaniangalia kama namtungia.

Ila kilichonishtua sio hicho. Kilichonishtua ni ukimya wa Xi.

Lazima nieleze kwanza kibanda chetu kilikuwaje. Mabati juu, mabenchi, tivii imewekwa juu ya meza ndefu ili wa nyuma waone, deki ya VHS, pazia la gunia mlangoni, na pembeni ya tivii anakaa jamaa ana maiki. Huyo ndo dijei. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya sabini huko, sisi Dar mwenye deki ndo alikuwa mwenye televisheni. Na wengi wetu Kiingereza hakipandi, kwa hiyo dijei anatafsiri filamu inavyokwenda, sauti zote anafanya yeye, mzee, mtoto, mwanamke, mbwa. Baadaye kazi hiyo ilikuja kuwa na majina makubwa, Lufufu mjini hapa nani hamjui, watu walikuwa wananunua kanda kwa sababu yake na sio kwa sababu ya aliyecheza. Lakini wa kwetu hakuwa na jina kubwa, alikuwa kaka wa mtaani, mchana anashona viatu, jioni anashika maiki.

Na Xi wa huyu kaka alikuwa anaongea bwana. Alimfanya Mgogo. Xi akiiona chupa anasema kwa lafudhi ya Dodoma maneno ambayo kibanda kizima kinaanguka chini. Kuna ile sehemu Xi ana njaa, anakuta kundi la mbuzi, anampiga mmoja mshale, halafu kwa vile kwao chakula hakina mwenyewe anamkaribisha mchungaji waje wale pamoja, askari anakuja, anapigwa risasi ya mguu, anapelekwa mahakamani. Mahakamani pale Xi wa Magomeni alitoa hotuba. "Mheshimiwa, mbuzi nimemkuta porini, nimempiga, mwenyewe nimemwita tule wote, hakunywa hata mchuzi, sasa mimi ndo mwizi au yeye ndo mchoyo?" Mpaka leo nikikutana na watu niliokua nao Magomeni tukianza "mheshimiwa mbuzi nimemkuta porini" tunacheka barabarani watu wanatushangaa.

Basi nimekaa Kimara naisubiri hotuba. Mahakama ikaja. Xi amesimama, anawatabasamia watu, haelewi kinachoendelea, yule Mpudi, msaidizi wa mtafiti, anayejua lugha yake anasimama kumtafsiria, hakimu anaamua, wanamtoa. Imeisha. Hakuna hotuba! Nikarudisha nyuma nikidhani imekatwa. Haipo. Haikuwahi kuwepo.

Nikaanza kuangalia kwa jicho lingine sasa. Filamu nzima Xi akiongea ni lugha yake na haitafsiriwi neno kwa neno, kuna sauti ya mzungu inayosimulia juu yake, polepole, kwa upole kama mtangazaji wa filamu za wanyama, huyu sasa anawaza hivi, huyu sasa anashangaa vile. Binti yangu ambaye Kiingereza chake cha shule kimeshanipita ndo aliyesema, tena bila kufikiria sana, "Baba huyu mbona anamsemea kila kitu, kwani yeye hana mdomo?"

Nilikaa na hilo swali muda mrefu kuliko nilivyokaa na filamu. Maana kaka wa kibandani naye alikuwa anamsemea, tusidanganyane, na hakujua neno moja la Kisan, alikuwa anabuni waziwazi na sisi tulijua anabuni. Lakini alimpa Xi akili ya kujibizana na hakimu. Yule msimuliaji wa kwenye filamu anampa Xi upole na usafi wa moyo, mtu asiyejua hela, asiyejua uongo, asiyejua hata kama dunia ina watu wengine. Ukisikiliza haraka haraka ni sifa tupu. Ukikaa nayo unaona ni sifa unazompa mtoto mdogo.

Af nikaingia kusoma habari za N!xau mwenyewe, usiku watu wamelala, na hapo nikazidi kuvurugwa. Huyu bwana hakutolewa porini akiwa hajui kitu kama tulivyoaminishwa. Alikulia kwenye mashamba ya ng'ombe Botswana, akachunga, na kabla ya filamu alikuwa mpishi shuleni, Tsumkwe, Namibia. Mpishi wa shule! Mtu anayeijua sufuria, chumvi, ratiba, kengele, alivaa shati lake kama mimi na wewe. Wakamvua wakampa kile kipande cha ngozi wakamwambia ishangae chupa. Na aliishangaa vizuri sana ndo maana dunia nzima iliamini, kwa hiyo lile tabasamu nililodhani ni la mtu asiyejua kamera ni nini lilikuwa kazi ya msanii. Kwangu hiyo imempandisha, sio kumshusha. Toka nimejua hivyo namwangalia kama ninavyomwangalia mchekeshaji wetu Mzee Majuto anapojifanya haelewi, unajua kabisa anaelewa kuliko wote.

Malipo ya ile ya kwanza yalikuwa kidogo sana, hilo halina ubishi mkubwa. Imezungushwa hadithi kwamba hela aliziachia zikapeperushwa na upepo kwa sababu hakujua thamani yake, na kwenye filamu yenyewe mwishoni Xi akilipwa noti anazitupa, unaona zinavyofanana, mimi hiyo stori siinunui hata kidogo, mpishi wa shule asijue hela? Tena ilipokuja sehemu ya pili, ya 1989, jamaa aligoma mpaka alipwe laki kadhaa za dola, akasema anataka kujenga nyumba ya tofali yenye umeme na pampu ya maji kwa ajili ya familia. Hapo nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Wajapani walimpenda balaa, Hong Kong wakamchukua akaenda kucheza filamu zao za mangumi na mazombi, alikufa 2003 huko kwao Namibia, kifua kikuu.

Na huko kwao kwenyewe wakati filamu inatengenezwa hakukuwa Kalahari ile ya furaha, watu laini wasio na bosi wala mahakama. Mwaka 1970 serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini, ndo waliokuwa wanaitawala Namibia, ilikuwa imeshawakatia Wasan eneo lao ikaliita Bushmanland, ardhi kubwa ya kuwinda ikaondoka, watu wakabanwa Tsumkwe wanangojea unga wa serikali, pombe, magonjwa. Kuna mzungu mwingine, John Marshall, alikuwa anawapiga picha watu haohao kwa miaka mingi, filamu yake ya 1980 inamhusu mwanamke anaitwa N!ai, na ndani yake kuna vipande vinavyoonyesha hao jamaa wa The Gods Must Be Crazy wakiwa kazini wanarekodi. Mwaka uleule, watu walewale, mmoja anaonyesha paradiso na mwenzie anaonyesha foleni ya unga. Foleni ya unga na sisi tunaijua, mama yangu baada ya vita vya Kagera alipanga foleni ya duka la kaya mpaka akawa anaweka jiwe limshikie nafasi.

Sasa nije kwa mzee wangu maana yeye ndo alinimalizia.

Mzee alicheka kweli mwanzoni. Kwenye Landrover alicheka mpaka akashika kiuno. Yeye alikuwa dereva wa malori bandarini miaka yote hiyo kwa hiyo gari bovu ni fani yake, lile Landrover la mtafiti halina breki, ukilizima haliwaki, jamaa anafika kwenye geti inabidi ashuke akafungue huku gari linatembea, linamkimbia, anapanda linarudi nyuma, na ile sehemu waya wa kuvutia unalinyanyua gari zima juu ya mti linaning'inia. Mzee akawa anatoa ushauri wa kifundi kwa tivii, "weka jiwe! weka jiwe bwana!" Na nikwambie ukweli, sehemu hizo hazijazeeka. Uys aliziongezea kasi kidogo watu wanatembea chap chap kama zile filamu za zamani zisizo na sauti, hakuna maneno, hakuna mtu anayeonewa zaidi ya gari, mtoto wangu wa kiume alilala chini kabisa. Kuna kichekesho kingine kimoja ambacho namsifu mtengenezaji kwacho, Xi anapomwona yule mwalimu mzungu mwenye nywele za dhahabu ambaye sinema zote za wakati ule zingemwita mrembo, yeye anamuona mbaya kupindukia, kapauka, na mkubwa mno, kumlisha huyu itabidi uchimbe mizizi kutwa nzima. Binti yangu alishangilia hapo.

Halafu wakaja wale wenye bunduki. Mzee akanyamaza.

Kwenye kichwa changu miaka yote wale walikuwa mamluki. Nilikuwa na uhakika. Kaka wa kibandani aliwaita mamluki wa Makaburu, na kila wakianguka au wakijipiga wenyewe sisi watoto tunashangilia, maana enzi hizo Makaburu ndo shetani, redioni Makaburu, shuleni nyimbo za mchakamchaka Makaburu, mtu mbaya mwenye bunduki porini kusini mwa Afrika angekuwa nani mwingine? Sasa nikiangalia kwa utulivu naona sio mamluki kabisa. Ni kundi la waasi, Waafrika weusi, wanaongozwa na Sam Boga mwenye ndevu anayeonekana katoka nje kuja kuwachochea. Wanajaribu kupindua nchi ya kubuni, wanashindwa, wanakimbia wanakatiza migomba, wawili kati yao wanacheza karata muda wote hata vita ikiwa imechachamaa, hawajui bunduki, hawajui njia, wanateka watoto wa shule. Na anayewamaliza ni Xi, kwa visindano vya dawa ya usingizi vya yule mtafiti, anawachoma mmoja mmoja wanalala kama kuku.

Mzee akaniuliza, "Hii imetengenezwa lini?" Nikamwambia 1980, ilirekodiwa kabla kidogo. Akauliza na nani. Nikamwambia. Akasema, "Basi hao wanaochekwa hapo ni watu wetu."

Halafu akaanza kuongea, filamu nikaisimamisha. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, makao yake yalikuwa hapa Dar toka 1963 mpaka imefungwa 1994, katibu wake wa mwisho Hashim Mbita, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilizaliwa mji huuhuu 1962, kiongozi wake Mondlane aliuawa kwa bomu la kwenye kifurushi hapa hapa Februari 1969, hivyo hata mimi nilivisoma shule. Ila mzee hakuvisoma, alivibeba. Yani kihalisia, kwenye lori, makreti ambayo dereva haambiwi ndani kuna nini na haulizi. Kurasini alikuwa anacheza bao na vijana wa Msumbiji wanaokaa huko, mmoja alimfundisha maneno ya Kireno, mengine ya matusi, siku moja hakuonekana tena kijiweni na hakuna aliyeuliza kwa sababu walikuwa wanajua watu wanaelekea wapi. "Hawakuwa wanacheza karata," alisema. Akanyamaza kidogo akasema tena, "walicheza bao, lakini jioni." Watoto walicheka na yeye akacheka.

Na kuna kitu nilikuwa nimeshakisoma usiku ule sikumwambia palepale. Jeshi la Afrika Kusini toka 1974 lilikuwa na kikosi cha Wasan, wamevalishwa sare, kazi yao kubwa kufuata nyayo za wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, porini, kwa sababu hakuna anayesoma unyayo kama wao. Sasa rudi uangalie Xi anavyonyatia wale waasi na visindano vyake. Sisemi Uys alikaa akapanga hivyo, sijui moyo wa mtu, ila mtazamaji wa Pretoria au Cape Town wa mwaka huo angecheka kwa utulivu sana, mtu mdogo mwaminifu wa porini anawalaza magaidi wamekaa kimya, na hakuna hata mmoja aliyekufa wala damu. Filamu ilizunguka duniani ikiwa na nembo ya Botswana maana bidhaa za Afrika Kusini zilikuwa zimegomewa, hivyo ndo na kanda ya wizi iliyofika Magomeni ilivyopita, hakuna aliyejua tunamcheka nani.

Au kuna aliyejua. Hilo ndo limekuwa likinisumbua. Kaka yetu wa maiki alikuwa haelewi Kiingereza vizuri akabahatisha tu mamluki? Au aliangalia ile kanda peke yake kabla ya shoo, akaona hii haiwezi kuonyeshwa hivi kwenye mtaa ambao nusu ya wazee wamekatwa michango ya ukombozi kwenye mishahara, akaamua kuigeuza? Nilimpigia rafiki yangu wa utotoni ambaye bado anaishi kulekule. Yeye anasema jamaa alikuwa anajua Kiingereza sana tu, aliwahi kuwa baharia, meli za Kigiriki, ndo maana alikuwa na ile maiki nzuri. Mimi nilikuwa simjui kama baharia, namjua kama fundi viatu. Mwenyewe ameshafariki. Nikauliza kuhusu kanda, labda mdogo wake anazo, rafiki yangu akacheka akasema kanda zote zilirekodiwa juu yake, harusi, kipaimara, ngoma za unyago, watu walikuwa hawanunui kanda mpya wakati za filamu zipo. Kwa hiyo hotuba ya mbuzi iko chini ya harusi ya mtu sehemu fulani.

Mi nahisi aligeuza makusudi. Siwezi kuthibitisha lakini mtu aliyefika bandari za watu akarudi, akamwona Xi kasimamishwa mahakamani hana la kusema, akamwandikia utetezi, huyo hakuwa anabahatisha. Na ndo maana sina hasira na ile filamu kama ambavyo nimeona wengine wanayo, sababu iliyonilea mimi sio ile. Ya kwangu ilikuwa na mamluki na Mgogo mjanja na Landrover, ya Uys ina waasi wapumbavu na Mbushmeni mpole na Landrover. Tunachogawana ni Landrover.

Kitu kingine. Baada ya hapo nimeanza kuziangalia komedi zetu wenyewe kwa mashaka kidogo. Mshamba anashuka basi la mkoani na kuku kwenye kikapu, anaogopa ngazi za umeme, anainamia kioo cha benki anajisalimia, tunacheka, tumecheka miaka yote. Na Wahadzabe wetu pale Ziwa Eyasi, nimeona video za watu wa mjini wanaenda wanawapa chokoleti au simu kisha wanarekodi sura, ili sisi tucheke. Hiyo ni chupa ileile tu. Tofauti aliyetupa safari hii ni mtoto wa Sinza na anajua kabisa anafanya nini. Sitaki kujifanya mtakatifu, nyingine nacheka, ila siku hizi namwangalia yule anayechekwa kama na yeye ana zamu ya kuongea, na mara nyingi hana, anaongea aliyeshika simu.

Tulimalizia filamu siku hiyo hiyo, Xi anafika ukingo wa mlima mawingu yako chini yake, anadhani ndo mwisho wa dunia, anaitupa. Pale ni God's Window, Mpumalanga, mbali na Kalahari haswa, mzee akiwa na macho yake ya udereva akasema "kwa mguu hapo? labda alipanda lori".

Wikendi iliyofuata watoto wakataka ya pili, ile watoto wa Xi wanapanda lori la majangili wa pembe za ndovu linaondoka nao. Nikaona sasa zamu yangu, nikapunguza sauti ya yule msimuliaji nikaanza kutafsiri mwenyewe kwa mtindo wa kibandani, lafudhi ya Dodoma na kila kitu. Binti yangu akavumilia kidogo akasema baba unadanganya, hajasema hivyo. Babu yake akamwambia nyamaza wewe, unataka kumsikiliza baba yako au mzungu? Akajibu anataka kumsikiliza Xi. Tukabaki tunaangaliana, maana Xi hakuna anayemtafsiri, si yule wala mimi. Basi akaninyang'anya mwiko niliokuwa nautumia kama maiki akasema anajaribu yeye, na lori lilivyotimua vumbi na wale watoto juu, Xi anakimbia nyuma, yeye akapiga kelele, "Konda! Konda shusha! Hao wanangu wamepanda bila nauli!"

Mzee akasema huyu amezidi hata yule wa Magomeni.